Makanisa ya City ya London: Parokia Kuunganishwa na Majengo Kubomolewa

Kuunganisha parokia na kubomoa kanisa ni mambo mawili tofauti, ingawa mara nyingi huchanganywa. Kuunganisha kunahusu kasisi, mapato na mipaka. Jengo huamuliwa peke yake. Historia ya City, kitovu cha kale cha London, inalionyesha hilo waziwazi.

Moto wa mwaka 1666 uliteketeza makanisa zaidi ya 80 ya eneo hilo dogo. Takribani 50 yalijengwa upya chini ya usimamizi wa msanifu majengo Christopher Wren, na parokia zilizokosa jengo zikaunganishwa na jirani zao. Karne ya 19 ikaja na tatizo jingine: wakazi wapatao 128,000 mwaka 1851 walipungua hadi kama 27,000 mwaka 1901, kwa kuwa benki, ofisi na maghala yalipandisha bei ya ardhi, na reli ikawawezesha watu kuishi pembezoni na kuingia mjini kwa kazi tu.

Sheria ya mwaka 1860 iliruhusu parokia kuunganishwa, kanisa lililozidi kubomolewa, kiwanja kuuzwa, na fedha kujenga makanisa kule walikohamia watu. Mabaki ya marehemu yalizikwa upya, mengi yakipelekwa kwenye makaburi ya City yaliyofunguliwa mwaka 1856 mashariki mwa jiji. St Dionis Backchurch ilipobomolewa mwaka 1878, fedha zake zilijenga St Dionis ya Parsons Green, magharibi mwa London, na mimbari na birika la ubatizo vya kanisa la zamani vikahamishiwa huko. Kwa St Mary Somerset, iliyobomolewa mwaka 1871, ulisalimika mnara tu, nao ungali umesimama kando ya Upper Thames Street.

Kwa maoni yangu, sheria hiyo ilitenda haki katika jambo kubwa: fedha ziliwafuata waumini. Kasoro yake, nayo si ndogo, ni kupima uhitaji wa kanisa kwa idadi ya wanaolala katika eneo, bila kuwahesabu maelfu wanaoshinda humo kazini. Tume ya askofu wa London ilipopendekeza makanisa 19 yaondolewe, upinzani ulikuwa mkali, na mwaka 1926 Bunge likaukataa mpango huo. Hata hivyo All Hallows Lombard Street ilibomolewa mwishoni mwa miaka ya 1930, na mnara wake ukajengwa upya Twickenham, pembezoni magharibi mwa London. Makanisa mengi yaliyosalia City leo huendesha ibada katikati ya wiki, saa za mchana, wafanyakazi wanapopumzika.