Kasi ya mchezo: kwa nini pointi za kufungwa hazitoshi kupima ulinzi wa timu ya kikapu

Timu inayofungwa pointi chache kuliko zote kwa mechi huitwa mara moja timu yenye ulinzi bora kwenye ligi. Mara nyingi sifa hiyo haiistahili, na kinachotupotosha ni kasi ya mchezo.

Kasi tunayoizungumzia si mbio za wachezaji. Ni idadi ya zamu za kushambulia ambazo kila timu hupata katika mechi. Zamu huanza timu inapoupata mpira, na huisha mpira unapokwenda kwa wapinzani: baada ya kikapu, baada ya mpira kupotezwa, au baada ya mtupo kukosa na wapinzani kuchukua ribaundi, yaani mpira unaorudi baada ya kukosa kikapu. Washambuliaji wakiidaka ribaundi wao wenyewe, zamu ni ile ile, inaendelea. Kwa kuwa timu hupokezana, hadi filimbi ya mwisho zote mbili zinakuwa na zamu karibu sawa. Ndiyo maana zamu ni kipimo cha haki, kuliko dakika.

Kwa hiyo pointi unazofungwa zina mambo mawili ndani yake: wapinzani wameshambulia mara ngapi, na kila wakishambulia wamevuna nini. Ulinzi ni hilo la pili. Mwaka 1950 Fort Wayne Pistons waliifunga Minneapolis Lakers 19 kwa 18, mechi yenye pointi chache kuliko zote katika NBA, ligi kuu ya kikapu ya Marekani. Pistons waliushikilia mpira dakika nzima nzima bila kurusha. Lakers walifungwa pointi 19 tu, lakini nani atasema hapo tuliona ulinzi wa ajabu? Michezo ya namna hiyo ndiyo iliyoleta mwaka 1954 saa ya sekunde 24, muda ambao timu lazima iwe imerusha mpira kikapuni.

Dawa ni kugawanya. Wanatakwimu huchukua pointi za kufungwa, wanazigawa kwa zamu za wapinzani, kisha wanazidisha kwa 100. Zamu zenyewe hukadiriwa kutoka kwenye karatasi ya mechi: mitupo ya kawaida, toa ribaundi za kushambulia, jumlisha mipira iliyopotezwa, jumlisha mitupo huru (ile ya adhabu, inayopigwa bila kuzuiwa) mara 0.44. Hiyo 0.44 ipo kwa sababu mitupo huru mingi huja miwili miwili, na mingine hufuata kikapu kilichokwisha kuingia, kwa hiyo si kila mtupo huru unaofunga zamu.

Tujaribu kwa timu mbili za mfano. Wapinzani wa timu ya kwanza wamerusha mara 84, wamechukua ribaundi 10 za kushambulia, wamepoteza mipira 14, wamepiga mitupo huru 22. Zinakuja zamu kama 98. Wamefunga pointi 105, yaani 107 kwa zamu 100. Wapinzani wa timu ya pili wamerusha mara 72, ribaundi 11, mipira iliyopotea 12, mitupo huru 20: zamu 82. Wamefunga pointi 92, lakini kwa zamu 100 ni 112. Timu iliyofungwa 92 ndiyo iliyolinda vibaya.

Hili limetokea kweli kwa Phoenix Suns wa kocha Mike D'Antoni msimu wa 2004-05. Walifungwa pointi 103.3 kwa mechi, nyingi kuliko timu yoyote kati ya 30 za NBA, na wakabebeshwa jina la timu isiyolinda. Lakini walikuwa pia timu yenye kasi kuliko zote. Ukihesabu kwa zamu walikuwa wa 17, ulinzi wa kawaida tu. Naona walionewa, maana timu isiyolinda kabisa haishindi mechi 62.

Kugawanya hakumsafishi kila mtu, hata hivyo. Denver Nuggets wa 1990-91, chini ya kocha Paul Westhead, walifungwa pointi 130.8 kwa mechi, rekodi ya NBA. Kasi yao ilikuwa ya kupindukia, lakini hata kwa zamu 100 walifungwa takriban 115, na bado wakashika mkia msimu ule. Msimu wa 2022-23, wastani wa NBA nzima ulikuwa karibu na hiyo 115. Kwa hiyo linganisha timu na wenzake wa msimu ule ule, usizichanganye enzi.

Kuna jambo jingine ambalo mgawanyo hauliondoi. Timu inayorusha haraka haraka na kupoteza mipira ovyo huwapa wapinzani mashambulizi ya kushtukiza, walinzi wakiwa hawajarudi, na vikapu hivyo ni rahisi. Hapo kasi imeuharibu ulinzi wenyewe, wala si hesabu tu. Upande wa pili, timu mbili zinaweza kuwa na zamu 90 kila moja kwa sababu tofauti kabisa: moja inachelewa yenyewe inaposhambulia, nyingine inawabana wapinzani hadi sekunde za mwisho za saa. Idadi ya zamu haiwezi kuzitofautisha. Inabidi upime zamu za kila upande huchukua sekunde ngapi, na kwa ulinzi, sekunde za kutazama ni zile za wapinzani.