Kabla zege halijamwagwa: kumpa fundi kazi ya njia ya nyumbani

Mama mmoja aliniita nikaangalie njia yake ya kutoka getini hadi barazani, iliyomwagwa mwaka mmoja tu uliopita. Kwa mbali ilipendeza, imenyooka, kingo safi. Ukiinama pembeni unaona zege la milimita 100, kama alivyoahidiwa. Lakini katikati zilikuwa zimetambaa nyufa kila upande, na kipande kimoja kilikuwa kinacheza chini ya mguu. Tukakivunja, nikaweka futi kamba. Kingoni milimita 100, katikati 55. Ardhi ya chini ilikuwa imeachwa na mgongo, kwa hiyo mbao za pembeni zilionyesha kimo sahihi huku zege lenyewe likiwa nusu.

Kazi nyingi za zege nilizoitwa kuzikagua zina siri ya namna hiyo. Sehemu kubwa ya unachokilipia huioni. Uso wa juu, uwe wa mwiko au wa ufagio, hata fundi wa wastani anaweza kuupendezesha. Njia hudumu kwa sababu ya udongo ulivyoshindiliwa, unene wa zege, kiasi cha maji kilichotiwa kwenye mchanganyiko, na utunzaji wa siku saba za mwanzo. Vitatu vya kwanza hufukiwa na cha nne husahaulika. Ndiyo maana mtu akinipigia simu na swali lake la kwanza likawa bei ya mita moja, humwomba tuanze mbali kidogo.

Mafundi watatu wanaweza kukupa bei zinazopishana sana bila hata mmoja kukudanganya, kwa kuwa kila mmoja ana njia yake kichwani. Mmoja amehesabu kuchimba, kuondoa udongo wa juu wenye majani na mizizi, kushindilia, kutandika kokoto unene wa milimita 100, kisha zege. Mwenzake amehesabu kukwangua majani na kumwaga. Kwa hiyo kabla ya kumwita yeyote, andika karatasi moja: urefu na upana wa njia, unene wa zege, unene wa tabaka la chini, uwiano wa mchanganyiko, mwinamo, mikato (mistari inayokatwa juu ya zege ili lipasukie hapo) itakaa wapi, nani anaondoa kifusi, na nani atamwagilia. Wape wote karatasi hiyohiyo. Hapo ndipo bei zitakapolinganishika.

Fundi akija kuangalia eneo, mtazame anatazama nini. Anayenipa moyo ni yule anayeuliza maji ya mvua yanaelekea wapi, anachoma udongo kwa sululu, anataka kujua bomba limepita wapi, kisha anauliza kama kuna siku gari litapanda hapo. Swali hilo la mwisho ni kubwa, kwani milimita 100 zinawatosha watu na mikokoteni, lakini penye gari mimi hudai 150. Mwombe pia akupeleke kwenye kazi yake iliyomaliza walau miaka miwili. Zege la wiki iliyopita halisemi chochote. Kwenye kazi ya zamani pitisha kiganja juu ya uso: kikitoka na vumbi jeupe, zege lilitiwa maji mengi, au uso wake ulisuguliwa kabla ya wakati, au halikumwagiliwa.

Udongo ukiwa wa mfinyanzi unaovimba ukilowa na kunywea ukikauka, tabaka la kokoto si la hiari. Kushindilia kufanyike kwa tabaka zisizozidi milimita 150, udongo ukiwa na unyevu kidogo, maana ukiwa mkavu kabisa haushikani na ukiwa tope haushindiliki. Kuhusu mwinamo, milimita 20 kwa kila mita zinatosha, na maji yaende mbali na nyumba. Njia inayopita kando ya ukuta iiname kwa upana wake, na kati yake na ukuta pawekwe utepe wa kitu laini ili zege lisishikane na nyumba. Nyumba na njia havitui ardhini kwa kasi moja.

Sasa turudi kwa yule mama, kwa sababu dawa ya tatizo lake ni ya dakika kumi. Mbao za fomu, zile za pembeni zinazoshikilia zege, zikishasimama na kokoto zikishashindiliwa, laza ubao ulionyooka kutoka fomu ya upande huu hadi ya upande ule, kisha pima kutoka chini ya ubao hadi kwenye kokoto. Pima katikati, si pembeni. Sogea mita moja, pima tena, mpaka mwisho. Tulipoimwaga upya njia yake, futi kamba alishika mwenyewe. Sehemu mbili zilitoka milimita 80, vijana wakachimba tena, na hakuna aliyenuna. Andika kwenye makubaliano kwamba zege halianzi kuchanganywa kabla ya kipimo hicho. Fundi anayekataa sharti hilo amekurahisishia uamuzi.

Hesabu ya saruji nayo ni shahidi mzuri. Tuseme njia ina urefu wa mita 12, upana mita 1.2 na unene mita 0.1. Hiyo ni mita za ujazo 1.44, na ukiongeza asilimia 10 ya kumwagika na kupotea unafika karibu 1.6. Mchanganyiko wa 1:2:4, yaani saruji moja, mchanga mbili na kokoto nne, hula mifuko sita na kitu ya kilo 50 kwa kila mita ya ujazo. Kwa hiyo kazi hii inahitaji mifuko kama kumi. Jioni ikifika na minne ikawa bado imefungwa, ama unene umepungua ama uwiano umebadilika. Uwiano upimwe kwa sanduku, si kwa beleshi, kwa sababu beleshi la mchanga mbichi halilingani na la mchanga mkavu. Mfuko mmoja wa saruji una ujazo wa karibu lita 35, basi sanduku la mbao la ujazo huo linamaliza ubishi.

Kwenye maji ndipo ninapogombana na watu. Zege la majimaji linateleza lenyewe kutoka kwenye karai na vibarua hawachoki, kwa hiyo kila ndoo inayoongezwa inaonekana kama msaada. Lakini saruji hutumia sehemu tu ya maji hayo. Yanayozidi huondoka baadaye na kuacha vitundu vidogo vidogo ndani, na kila kitundu ni nguvu iliyopotea. Lengo langu ni nusu ya uzito wa saruji, yaani lita 25 kwa mfuko wa kilo 50, na humo hesabu maji ambayo mchanga umeshayabeba. Zege la kiasi hicho ni zito na linataka kusukumwa. Baada ya kumwagwa na kusawazishwa, maji hupanda juu na kumetameta. Hayo yaachwe yaondoke yenyewe. Fundi anayenyunyiza saruji kavu ili yakauke upesi anatengeneza ngozi nyembamba itakayobanduka, na hapo usione haya kumsimamisha.

Watu wengi huamini nondo au wavu wa chuma huzuia nyufa. Chuma huubana ufa usifunguke, tena kikiwa kimeinuliwa ndani ya zege. Kikilala chini kwenye kokoto ni fedha iliyozikwa. Zege hunywea likikomaa na kukauka, na litapasuka mahali fulani. Kazi ya mikato ni kuchagua mahali hapo. Kwa njia ya upana wa mita 1.2, kata kila mita 1.2 hadi 1.5, kina kiwe robo ya unene, yaani milimita 25 kwa zege la milimita 100. Mkato wa juujuu, ule wa kuchora kwa ncha ya mwiko, ni pambo tu.

Kisha inakuja kazi ambayo haina mwenyewe. Zege haliwi gumu kwa kukauka. Saruji inaungana na maji, na maji yakiisha mapema muungano unakatika. Kwa siku saba lifunikwe kwa nailoni au magunia mabichi na limwagiliwe kabla halijaanza kupauka. Siku hizo fundi ameshahamia kazi nyingine, mwenye nyumba anadhani kila kitu kimeisha, na jua linapiga. Andikeni jina la mtu atakayemwagilia. Kwa miguu mnaweza kupita baada ya siku moja au mbili. Gari, kama mmejenga kwa ajili yake, nalishauri lisubiri siku 28, umri ambao nguvu ya zege hupimwa.

Malipo yafuate hatua hizohizo: fungu la kuanzia, fungu baada ya kupima unene ardhini, fungu baada ya kumwaga na kukata mikato, na la mwisho lisiwe dogo kiasi cha kuachwa. Hilo la mwisho lisitoke kabla ya siku ya saba. Siku hiyo mwite fundi, chukueni ndoo ya maji, mimineni upande wa ukutani na mtazame pamoja yanakwenda wapi. Yakitulia katikati ya njia, au yakarudi kuelekea msingi, mwonyeshe palepale na mkubaliane siku ya kuparekebisha kabla hujafungua mkoba.