Kaanguka kidogo tu, mkono umevunjika: maswali kuhusu mifupa iliyopungua uzito

Mama yangu yuko Mikindani, ana miaka 61. Aliteleza uani, akajikinga kwa mkono, kifundo kikavunjika. Si ajali tu?

Ajali ipo, lakini mfupa wenye nguvu kwa kawaida hauvunjiki kwa kuteleza tu. Wengi hufungwa hogo, likitolewa mambo yanaishia hapo. Tafadhali msiishie hapo. Mwambieni daktari mnataka mifupa yake ichunguzwe.

Kwa nini hakuwahi kulalamika?

Kwa sababu mifupa iliyopungua uzito, yaani osteoporosisi, haiumi mpaka ivunjike. Mfupa hubomolewa na kujengwa upya maisha yote. Hedhi ikikoma, homoni ya estrojeni hushuka na ubomoaji huuzidi ujenzi. Angalieni kama amepungua kimo au mgongo umeanza kupinda. Wanaume nao hupata, hasa waliotumia prednisolone (dawa ya kutuliza uvimbe mwilini) kwa miezi mingi, wavutaji sigara na wanywaji sana.

Kipimo gani?

DEXA, eksirei maalumu inayopima uzito wa mifupa. Majibu yake ni alama (T-score) inayolinganisha mifupa yake na ya kijana mwenye afya; -2.5 au chini yake ndiyo osteoporosisi. Eksirei ya kawaida huonyesha palipovunjika, ila upungufu wenyewe hauonekani humo mpaka uwe mkubwa. DEXA ikiwa mbali, daktari anaweza kuamua tiba kwa kuangalia umri na namna alivyovunjika.

Ale nini?

Mwanamke aliyepita miaka 50 anahitaji kalsiamu miligramu 1,200 hivi kwa siku. Dagaa wanaoliwa na mifupa yao ni hazina, na pwani yetu tunao. Maziwa pia, na ufuta usiokobolewa. Mchicha ale, ila kalsiamu yake mwili hauipati vizuri. Mzee anayeshinda ndani atolewe juani apate vitamini D.

Kaandikiwa alendronate, dawa ya kupunguza ubomoaji wa mifupa, kidonge kimoja kwa wiki. Anakimeza na chai.

Hapana! Akimeze asubuhi kabla ya kula chochote, kwa glasi nzima ya maji matupu, kisha akae wima au atembee nusu saa bila kula wala kulala. Kikikwama kooni huunguza umio, na chai ya maziwa huzuia dawa kuingia mwilini. Mwenye tatizo la figo, au anayetaka kung'oa jino, amwambie daktari.

Aache kuokota korosho?

Asiache, kutembea shambani kunaimarisha mifupa. Ila akiokota achuchumae, asipinde mgongo, na gunia abebe mwingine. Nyumbani, tupeni kandambili zilizolika, kausheni sakafu ya bafuni, na muwekeeni taa njia ya chooni usiku.