Camaro na Mustang za Trans-Am: siri iko kwenye krenki fupi

Wageni wa karakana yangu wakiona Camaro ya Chevrolet ya 1968 huuliza kwanza injini ina lita ngapi. Nikisema haifiki 5, nyuso zinawashuka. Wamezoea kusikia kwamba gari la misuli la Kimarekani lazima liwe na lita 7.

Kwa mbio za barabara iliyonyooka, sawa. Lakini Trans-Am, mfululizo wa mbio ulioanzishwa na SCCA, chama cha mbio za magari cha Marekani, mwaka 1966, ulikuwa wa kona na breki, na injini hazikuruhusiwa kuzidi lita 5. Chevrolet wakatumia vyuma vilivyokuwa tayari stoo: bloku ya injini ya inchi za ujazo 327, ndani yake krenki (shafti inayozungushwa na pistoni) ya ile ya 283. Ikazaliwa injini ya inchi 302 ya Camaro Z/28. Silinda ina kipenyo cha milimita 101.6, pistoni inasafiri 76.2 tu. Ford nao walipotoa Mustang Boss 302 mwaka 1969, vipimo vilikuwa hivyohivyo!

Ufupi huo ndio utamu wenyewe. Pistoni yenye safari ndefu hulazimika kukimbia zaidi ili kumaliza mzunguko uleule. Kwa mizunguko 7,000 kwa dakika, ya 302 huenda wastani wa karibu mita 18 kwa sekunde. Ya 427, ile ya lita 7, hufika 22, na hapo ndipo konrodi, fimbo inayounga pistoni na krenki, huanza kulia. Mark Donohue alitwaa ubingwa wa 1968 na 1969 kwa Camaro ya timu ya Penske. Mwaka 1970 Ford wakalipiza.

Magari hayohayo bado hukimbizwa kwenye uwanja wa mbio wa Laguna Seca, California, ambako mbio za magari ya kale zilianza 1974. Kuna kona inaitwa Corkscrew, unatumbukia kama mita 18 kabla hujapumua. Sisi mafundi hatuogopi kona, tunaogopa umri wa chuma. Kila krenki naimwagia unga wa sumaku na kuimulika kwa taa ya zambarau; ufa usioonekana kwa macho hung'aa kama uzi.

Na bado dereva ni dereva. Mteja mmoja aliapa hatavuka 7,000. Saa ya mizunguko ina sindano ya pili, inayoganda pale injini ilipofika juu kabisa. Niliikuta 8,200.

Nikamuuliza kulikoni.

"Fundi, mbele yangu kulikuwa na Mustang."