Una presha, una safari: maswali kuhusu bima na ugonjwa ulio nao tayari

Mamangu ana miaka 67, tunakaa Kisauni. Ana presha lakini imetulia kwa dawa. Anakwenda Ujerumani kumwona mjukuu, na fomu ya bima ya safari inauliza kama ana ugonjwa wowote wa zamani. Wakala katwambia tujaze "hapana" kwa kuwa haumwi. Ni sawa?

Si sawa, na afadhali mmeuliza kabla mama hajatia saini. Fomu haitaki kujua kama mama anaumwa leo. Inataka kujua kama daktari amewahi kumwambia ana ugonjwa fulani, kama anatumia dawa, kama amelazwa au kufanyiwa upasuaji. Presha iliyotulia kwa sababu ya kidonge cha kila asubuhi bado ni presha.

Tuseme, Mungu aepushe, kiharusi kimemkuta huko. Kabla ya kulipa, kampuni ya bima ina haki ya kuomba rekodi zake za matibabu, hata za kliniki anayokwenda hapa Mombasa. Wakikuta miaka ya dawa za presha na kwenye fomu pameandikwa "hapana", wanaweza kukataa kulipa au kuufuta mkataba wote. Bili ya chumba cha wagonjwa mahututi itawarudia nyinyi, si wakala aliyewashauri. Sahihi ni ya mama.

Jambo jingine linawapotosha wengi. Viza ya Schengen, ile ya kuingilia Ujerumani na nchi nyingi za Ulaya, inataka bima ya matibabu isiyopungua yuro 30,000. Cheti kikikubaliwa ubalozini, watu hudhani mambo yamekwisha. Ubalozi hutazama kiwango, tarehe na nchi zilizomo. Majibu uliyoyajaza kwenye fomu ya bima hauyapimi. Hayo hupimwa siku ya kudai malipo.

Nitaje yapi hasa?

Kisukari, presha, pumu, moyo, figo, kifafa, selimundu, saratani hata kama ilitibiwa ikaisha, sonona (huzuni kali ya muda mrefu), na ujauzito ukiulizwa. Msitegemee kumbukumbu. Toeni dawa zote za mgonjwa mziweke mezani, msome majina kwenye maboksi, kisha mfungue lile daftari la kliniki, ukurasa kwa ukurasa. Humo mtakuta mambo aliyoyasahau mwenyewe: siku presha ilipopanda hadi 180/110 akaongezewa dozi, au rufaa ya kwenda kupigwa picha ya moyo ambayo hakuifuata.

Hiyo rufaa nayo inatajwa. Kipimo ambacho majibu yake hayajatoka, dalili ambayo bado inachunguzwa, miadi ya kumwona bingwa: hayo yote huulizwa, na ndiyo watu huyaruka zaidi kwa kuwa "hawajaambiwa kitu". Kila kampuni ina muda wake inaoutaka, wengine miaka miwili nyuma, wengine mitano, wengine maisha yote. Someni swali lenyewe kabla ya kujibu.

Nikisema kweli si wataninyima bima?

Huenda, lakini si lazima. Wapo watakaokukubali kwa bei ileile, wapo watakaokuongezea malipo, na wapo watakaokukatia bima huku wakiutoa ugonjwa huo nje. Katika hali hiyo ya mwisho, ukivunjika mguu utalipiwa, ila moyo ukisumbua ni juu yako. Mimi naona ni heri kulijua hilo ukiwa hapa Mombasa, ukaweza kutafuta kampuni nyingine, kuliko kuambiwa ukiwa kitandani ugenini. Jibu lao litakeni kwa maandishi.

Nampeleka mzee India kwa upasuaji wa moyo. Bima ya safari italipa?

Kwa kawaida hapana. Bima hii ni ya dharura isiyotarajiwa, na safari ya kufuata matibabu mara nyingi huachwa nje kabisa. Gharama za upasuaji zipangeni na hospitali yenyewe kabla hamjakata tiketi.

Naishi na virusi vya Ukimwi na wakala ni jirani yangu Majengo. Naona vigumu kumwambia.

Una haki ya kuona hivyo, na huna ulazima wa kumwambia yeye. Iulize kampuni kama unaweza kujaza fomu mtandaoni au kupeleka maelezo yako ofisini kwao moja kwa moja. Sheria ya Kulinda Data ya Kenya ya 2019 inaziweka taarifa za afya katika kundi la taarifa nyeti, na kampuni inawajibika kuzitunza. Kuficha ndiko kutakakokuumiza. Kuchagua nani akusikie ni haki yako.

Nilishalipa bima, kisha daktari kanianzishia insulini ya kisukari wiki moja kabla ya kuondoka. Nifanye nini?

Iandikie kampuni leo hii, kwa barua pepe, na uhifadhi jibu lao. Huenda wakaongeza malipo au kubadili masharti, na ni vyema ujue kabla ya kupanda ndege. Mwombe daktari barua yenye jina la ugonjwa, dawa na dozi, na dawa zibaki kwenye maboksi yake. Insulini iwe kwenye mkoba wa mkononi. Usiitie kwenye sanduku linaloingia chini ya ndege, kwani baridi ya huko inaweza kuigandisha, na ikishaganda haifai kutumiwa hata ikiyeyuka.