Matembezi ya Mwanza na somo la kwanza la swingi: hatua fupi, hesabu ya Kiswahili

Wengi wanaoandaa matembezi ya mtaani yenye somo la dansi huyagawa mafungu mawili: kwanza utalii, baadaye dansi. Matokeo yake watu hutembea saa nzima wakiwa wamelegea vizuri, halafu wakifika ukumbini wanakakamaa kana kwamba wamekabidhiwa miguu mipya mlangoni. Swingi ni dansi ya watu wawili wawili, na mwanzo wake ni kutembea kwa kufuata mapigo, basi. Kwa hiyo somo lianzie barabarani, kabla mtu hajaambiwa kwamba tayari anacheza.

Njia ninayoipendekeza inaanzia Makoroboi, inakatiza katikati ya mji, inashuka ziwani kwenye jiwe la Bismarck na kuishia kwenye ukumbi wenye sakafu ya saruji upande wa Capri Point. Isizidi kilomita 3. Mkianza saa 9:30 alasiri, matembezi pamoja na vituo yachukue dakika 75, mapumziko dakika 15, somo dakika 60, na saa 12:00 mmemaliza. Jua la Mwanza huzama kati ya saa 12:35 na saa 1:10 jioni mwaka mzima, hivyo ratiba haibadiliki kwa ajili ya giza. Inabadilika kwa ajili ya mvua: Oktoba hadi Desemba, na Machi hadi Mei, uwe na paa la akiba karibu na kila kituo. Kundi zuri ni watu 12 hadi 16. Wakizidi hapo, wa nyuma hawakusikii barabarani na unaishia kupiga kelele kama kondakta wa daladala.

Makoroboi wengi wanapaona kama kituo cha picha. Mimi naona ndipo penye somo lenyewe. Eneo limepata jina kwa koroboi, kibatari cha mafuta ya taa kinachoundwa kwa makopo chakavu, na mafundi wa bati bado wanagonga pale. Wasalimie kwanza; kwa saa hizo ukimwambia mzee wa Kisukuma "mwadila", uso unafunguka. Omba ruhusa kabla ya kutoa simu, na nunua kitu, hata kikiwa kidogo. Kisha simama karibu na fundi mmoja anayekunja ukingo wa bati. Usitazame bati, sikiliza nyundo. Inashuka kwa nguvu, inadunda kidogo juu ya chuma, inashuka tena. Pigo refu, dogo fupi, pigo refu. Hayo marefu na mafupi ndiyo yanayofanya muziki wa swingi ubembee badala ya kwenda kama saa ya ukutani: kila pigo hugawanywa vipande viwili visivyolingana, cha kwanza kirefu, cha pili kifupi, na kwa mwendo wa kati cha kwanza hukaribia kuwa mara mbili ya cha pili.

Hapo Kiswahili kinakupa zawadi ambayo walimu wengi wanaipita. Moja, mbili, tatu, nne, tano, sita: kila neno lina silabi mbili, na mkazo unaangukia ya kwanza, inayovutwa kidogo. Mooo-ja, mbiii-li, taaa-tu. Ukihesabu kwa sauti ya kawaida, bila kuigiza, ule urefu na ufupi umo tayari. Mwalimu anayehesabu "wan, tu, thrii" anawapa wanafunzi pigo tupu lisilo na nusu yake fupi, kisha anashangaa kwa nini hatua za haraka zinawashinda. Hesabuni kwa Kiswahili.

Mkitoka Makoroboi, kwenye kipande cha barabara kilicho tambarare, waambie wahesabu moja hadi sita, neno moja kwa kila hatua, wakianza na mguu wa kushoto. Sita ni namba shufwa, kwa hiyo "moja" itarudi kushoto kila mara. Anayejikuta "moja" imehamia kulia amekosea mahali, na atagundua mwenyewe bila kuaibishwa. Sasa pima mwendo: hatua 30 kwa sekunde 15, yaani 120 kwa dakika. Ni mwendo wa mtu anayewahi kivuko lakini hajaanza kukimbia, na ni mwendo uleule wa nyimbo utakazopiga ukumbini. Tembeeni kwa msururu upande wa kulia wa barabara ili muyaone magari yanayokuja, kwa sababu bodaboda haitangulizi taarifa. Kwenye kipilefti acheni kuhesabu kabisa. Vukeni kwanza.

Historia ya mji isiwe ndefu, kwani watu wamesimama juani. Inatosha kusema kwamba Wajerumani waliweka kituo chao hapa mwaka 1892, na kwamba reli kutoka Tabora ilifika mwaka 1928 chini ya Waingereza. Historia ya dansi nayo ipite upesi: swingi ilikua Harlem, New York, mikononi na miguuni mwa Wamarekani weusi. Ukumbi wake mkuu, Savoy, ulifunguliwa mwaka 1926 na kufungwa mwaka 1958, na dansi yake kubwa ni Lindy Hop. Hii ya mapigo sita tunayoanzia ni ndugu yake mdogo, mwepesi kwa siku ya kwanza. Atakayeuliza kuhusu kurushana hewani, mwambie kuwa Frankie Manning, aliyetambulisha mitindo hiyo Savoy katikati ya miaka ya 1930, alikuwa mchezaji hodari kwanza. Sisi leo miguu haiachi sakafu.

Bismarck simameni ufukweni. Msishuke majini: ziwa lina kichocho, na mawe ya ukingoni yana utelezi wa kijani usioonekana jua likikupiga usoni. Granaiti hii ina zaidi ya miaka bilioni 2.5. Iliganda chini ya ardhi, ikapasuka kwa nyufa zilizokatana, maji yakapita katika nyufa na kula pembe za mawe. Udongo uliozunguka uliposombwa, yakabaki kama yalivyo, jiwe juu ya jiwe. Hakuna aliyeyapanga.

Uliza kundi: kwa nini lile la juu halianguki? Kwa sababu uzito wake uko juu ya kitako chake. Sasa kila mtu asimame kwa mguu mmoja kwa mapigo sita, goti limelegea, kifua mbele kidogo ya kisigino. Atakayeyumba atazame alivyosimama. Mara nyingi goti limenyooka kama mti wa bendera na uzito uko katikati ya miguu, haujahamia popote. Hilo ndilo kosa mama la swingi. Mtu anaweka mguu chini bila kuhamishia uzito, na hatua inayofuata hajui mguu upi uko huru. Kosa la miguu karibu lote utakaloliona ukumbini limezaliwa hapo.

Wakati wa mapumziko, maji na machungwa. Ugali na sato vingoje hadi mwisho. Tumbo lililojaa halizunguki.

Ukumbini kagua sakafu mapema. Saruji iliyosuguliwa ni nzuri, ila vumbi na mchanga juu yake huteleza vibaya, kwa hiyo ifagiliwe kabla watu hawajaingia. Saruji yenye chengachenga, au lami, ina tatizo la kinyume: soli ya mpira hung'ang'ania, mwili unageuka, na goti ndilo linalolipa. Dawa rahisi ni soksi kuukuu kuvishwa juu ya kiatu, mbele tu, kisigino kikiwa wazi. Kandambili hazifai hata kidogo: hazina mkanda wa nyuma, ukirudi nyuma mguu unatoka. Kama mnachezea barazani, wanafunzi wageuzie ziwa mgongo, kwani jua la jioni linatokea magharibi, upande wa maji. Mwalimu ndiye atakayekunja uso. Spika iwekwe ukutani, juu ya kiti, isielekezwe ziwani.

Hatua zenyewe. Anayeongoza: kushoto kwenye "moja", tulia "mbili", kulia kwenye "tatu", tulia "nne", kushoto nyuma kwenye "tano", kulia papo hapo kwenye "sita". Anayefuata ni kioo chake: kulia, kushoto, kulia nyuma, kushoto papo hapo. Hatua mbili za taratibu, mbili za haraka. Wafanye bila muziki mara 20, kila mtu peke yake, wakitazama upande mmoja.

Ile hatua ya nyuma, tano na sita, kwa Kiingereza ina neno "rock", na katika mji unaoitwa Rock City lazima mtu aseme ni hatua ya jiwe. Hapana, hapa neno hilo lina maana ya kubembea, kama unavyombembeleza mtoto. Uzito unaenda nyuma, unarudi. Tofauti hiyo si ya kamusi tu, maana anayedhani ni jiwe hukanyaga kwa kisigino kama anayepima uimara wa daraja. Mguu urudi nyuma nusu ya urefu wa kiatu, utue kwa sehemu ya mbele ya wayo, kisigino kisigonge. Ukirudi mbali, mikono inanyooka, mwenzako anavutwa, na wote wawili mnachelewa kwenye "moja" inayofuata. Chora mstari wa chaki nyuma ya visigino, sentimita 15, mguu usiuvuke. Wengine hutandika khanga badala ya chaki. Juu ya saruji khanga huteleza, usijaribu.

Ikishakaa, hatua mbili za taratibu huongezwa na kuwa tatutatu, na hapo zile silabi za Makoroboi zinafanya kazi. Mguu kwenye "mo", mwingine kwenye "ja", mwingine kwenye "mbi". "Li" inapita bure. Halafu "ta", "tu", na ile "n" ya mwanzo wa "nne". Kisha "ta-no", "si-ta", hatua moja kwa kila neno. Jumla hatua nane ndani ya mapigo sita. Ziwe ndogo, karibu kusimama palepale. Anayekimbia kwenye tatutatu amerefusha hatua, hajaongeza kasi.

Mtu mwenye sikio la muziki atakuuliza: wimbo unakwenda kwa mapigo manne manne, mbona sisi sita? Ana haki ya kuuliza. Mizunguko miwili ya sita ni 12, sawa na vipimo vitatu vya nne, kwa hiyo mnakutana tena na mwanzo wa kipimo kila baada ya mizunguko miwili. Katikati ya hapo msihangaike. Na jambo jingine: majina kama Morogoro Jazz na Tabora Jazz yasikupotoshe ukadhani nyimbo zao zinafaa hapa. Ni muziki wa dansi wenye moyo wa rumba, mtamu sana, lakini mapigo yake yamegawanywa sawasawa, na tatutatu yenye urefu na ufupi inagombana nayo. Tafuta bendi kubwa za swingi, hesabu mapigo kwa sekunde 15. Yakiwa 30 hadi 33, wimbo unafaa.

Kushikana mikono kunahitaji busara ya mahali. Usimlazimishe mtu. Asiyependa kushikwa na mgeni acheze mkabala bila kugusana, hatua hazibadiliki. Kijana akipangwa na mama wa makamo, atamwamkia shikamoo kisha atashindwa kumwongoza kwa heshima zake. Mwambie kuongoza si kuvuta. Kiganja cha anayeongoza kitazame juu, vidole vya mwenzake vining'inie juu yake kama vinavyoning'inia kwenye mpini wa ndoo, bila kidole gumba. Gumba likibana, mzunguko wa kwanza unamtegua mtu kifundo cha mkono. Viwiko vikae karibu na mbavu. Badilisheni wenza kila baada ya dakika tatu, aliyeongoza akisogea kulia, ili asiwepo anayezoea makosa ya mtu mmoja.

Mzunguko chini ya mkono uje dakika 15 za mwisho. Mkono wa kushoto wa anayeongoza unapanda kwenye "moja", mara tu baada ya kubembea, hadi juu kidogo ya paji la uso la mwenzake, na unachora taji dogo. Ukipita chini unanasa mtandio. Ukipita juu sana unamnyanyua mtu begani. Anayefuata asizunguke kwa kukisia: wengi huanza kwenye "sita", uzito ukiwa bado nyuma, wakajikuta wamegeuzia kundi zima mgongo. Angoje mkono uondoke ndipo aondoke.

Wimbo wa mwisho zima hesabu yako, waache wahesabu wao. Na soksi zivuliwe mlangoni. Nje kuna mteremko wa mawe.