Vidonge Haviponyi Jino, Hata Wakati wa Mlipuko

Imani kwamba jino likiuma unameza amoksilini (antibiotiki, yaani dawa ya kuua bakteria) na mambo yanaisha ni ya zamani hapa Dodoma. Uviko-19 ilipoingia mwaka 2020, ikapata nguvu zaidi: watu waliogopa kiti cha daktari wa meno, wakakimbilia duka la dawa.

Hofu ilikuwa na msingi. Mashine ya kutoboa jino huzunguka mara laki kadhaa kwa dakika, na maji yanayoipoza hurusha matone madogo yaliyochanganyika na mate. Ndiyo maana Agosti 2020 Shirika la Afya Duniani lilishauri huduma zisizo za haraka ziahirishwe palipokuwa na maambukizi mengi. Uvimbe, usaha na maumivu makali havikuwamo katika kuahirishwa huko, na inasikitisha kwamba wengi hawakulisikia hilo.

Kiini cha jino kikishaoza, damu haifiki tena ndani, kwa hiyo hata dawa haifiki. Maumivu hutulia siku chache huku usaha ukiendelea kutafuna mfupa. Antibiotiki ina kazi uvimbe unapoenea au homa inapopanda, na hata hapo jino bado litahitaji kutibiwa mzizi au kung'olewa.

Ukifika kliniki, uliza bila aibu. Vifaa vya mdomoni hutakaswa kwa mvuke wenye shinikizo, kwa mfano nyuzi joto 121 kwa dakika 15, vikiwa kwenye pakiti inayofunguliwa mbele yako. Kuvifuta kwa spiriti hakutoshi. Madirisha yawe wazi, daktari avae barakoa na kinga ya uso. Mwenye homa na kikohozi apige simu kwanza.